Tulia si Nyamaza

Mahali popote wanapobishana kama mama anaweza kuhubiri, subiri dakika tano tu. Mtu atafungua Timotheo wa Kwanza, sura ya 2, mstari wa 11 na 12, na mjadala utaishia hapo. Paulo amesema mwanamke akae kimya. Wewe ni nani ubishane na Paulo?

Neno lenyewe kwa Kigiriki ni hesukia, na hata Biblia zetu za Kiswahili hazikubaliani kulihusu. Ile ya Union, iliyo mezani kwa nyanya yako, inasema utulivu. Habari Njema inasema kukaa kimya. Sasa, "tulia" na "nyamaza" si amri moja. Maji hutulia, moyo hutulia, mtoto mtundu hutulia, na mtu aliyetulia anaweza kuwa anaongea vizuri tu. Aliyenyamaza haongei. (Ingawa Kiswahili nacho kina ujanja wake: tunamwambia aliyefiwa "nyamaza" na hatumaanishi afunge mdomo. Tunamaanisha machozi yapungue, tuko hapa.)

Sina digrii ya thiolojia, wala digrii nyingine yoyote kwa sababu niliacha chuo, lakini Agano Jipya la Kigiriki liko bure kwenye simu, na neno likishakukera unaweza kulifuata kila linakoenda.

Hili linaenda Wathesalonike wa Pili, 3:12. Kuna watu hawafanyi kazi, wanazunguka wakijiingiza katika mambo ya wenzao. Wanaambiwa wafanye kazi kwa hesukia na wale chakula chao wenyewe. Hakuna anayedhani fundi ameagizwa apige nyundo bila kutoa sauti. Ni kama kusema: wacha vurugu, shughulika na yako. Halafu kwenye Timotheo, sura ile ile ya 2, mstari wa 2, neno la ukoo huo huo linahusu watu wote: waombee wenye mamlaka ili sote tuishi maisha matulivu. Huo sijawahi kusikia ukitumiwa kumnyang'anya mzee wa kanisa maiki.

Kisha Matendo ya Mitume. Paulo amekamatwa Yerusalemu, amesimama kwenye ngazi za ngome ya askari wa Kirumi, anapunga mkono kwa umati. Wananyamaza, na hapo Luka anatumia neno lingine, sige. Paulo anaanza kuongea lugha yao ya nyumbani. Wanazidi kutulia: hesukia. Kelele zilikuwa zimeshakwisha, kwa hivyo kilichoongezeka ni nini kama si kusikiliza?

Kuna wenzangu wakifika hapa wanafurahi na kufunga kitabu. Kumbe ni utulivu tu, mengine ni mfumo dume! Polepole. Umati wa Yerusalemu ulikuwa kimya kweli, hakuna aliyekuwa akipiga soga. Na mstari wa 12 unaweka kufundisha na kutawala upande mmoja, hesukia upande wa pili, baada ya mstari wa 11 kuongeza habari ya kutii. Ukililainisha neno, sentensi inabaki ngumu vile vile. Ni heri mtu aseme waziwazi kwamba hakubaliani na mstari kuliko kujificha nyuma ya kamusi.

Mimi kinachonishika zaidi ni neno ambalo halikutumika. Kigiriki kina kitenzi fimoo, kufunga mnyama mdomo. Ndicho Marko anachompa Yesu akiikemea dhoruba ziwani. Na kimo ndani ya barua hii hii kwa Timotheo, 5:18: ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa, maana anayefanya kazi anastahili ujira wake. Kwa hivyo mwandishi alilijua neno la kufunga mdomo. Alilitumia mara moja, akikataza.

Angalia sasa kanisani kwako nani anapura nafaka. Nani anafundisha watoto Jumapili, nani anapika siku ya harambee, nani anafua vitambaa vya madhabahu, nani anakesha hospitalini na mgonjwa wa jumuiya. Ukitaka kujua kama utulivu wanaohubiriwa ni hesukia au ni kamba ya ng'ombe, uliza wanakula nini kwenye meza ya maamuzi.

Wakorintho wa Kwanza 14 nao una neno lake, sigao, ambalo ni kunyamaza hasa. Linakuja mara tatu: anyamaze mnena kwa lugha asiye na mkalimani, anyamaze nabii mwenzake akipata ufunuo, wanyamaze wanawake. Mbili za kwanza tunazielewa kama zamu. Ya tatu tumeifanya katiba. Na ajabu ni kwamba sura ya 11 ya barua hiyo inazungumzia wanawake wakiomba na kutoa unabii, bila kuwakataza kufungua kinywa.

Siasa yetu imejifunza mchezo huu kanisani. Baada ya uchaguzi wa 2013 tuliambiwa tukubali tusonge mbele, na tangu hapo "amani" ikitamkwa jukwaani ujue kuna mtu anaombwa anyamaze. Mwaka 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana waliuliza makanisa mbona yako kimya, na wengine wakajibiwa watulie waiombee nchi. Bartimayo kipofu alisikia hayo Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze, akazidi kupiga kelele, na Yesu akasimama amwite.

Kuna mara moja hesukia inawahusu wanawake na sijasikia ikihubiriwa. Luka 23:56. Wamelitazama kaburi, wametayarisha manukato, na siku ya Sabato wametulia: kitenzi ni kile kile, cha ukoo wa hesukia. Walikaa siku moja. Jumapili alfajiri walikwenda, wakarudi wakisema, na mitume wakaona ni upuzi.