Mahame ya Bariadi: Hukumu ya baraza haihalalishi dhulma

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.t), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), jamaa zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa hadi mwisho wa 1976 watu wa vijijini Tanzania Bara wawe wamehamia katika vijiji. Usukumani, Operesheni Vijiji ilipamba moto 1974. Bariadi, ambayo leo ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Kaya zilizoishi mbalimbali, kila moja na mashamba yake, nyingine na ngitili ya malisho, zikahamishwa. Nyuma yakabaki mahame na makaburi. Aliyehamishwa akapewa ardhi ambayo jana ilikuwa ya mwingine, na ya kwake akailima mwingine.

Hapo ndipo ilipoanza fitna. Wazee wengi walioijua mipaka wamefariki. Waliobaki ni watoto na wajukuu, baadhi yao wako mijini kama sisi, na hulikumbuka shamba la babu pale bei ya ardhi inapopanda.

Sheria inasemaje? Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta haki za kimila za wenye ardhi wa awali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi iliyotokea Arusha, ikasema haki hizo ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Kifungu cha 15 kinathibitisha ugawaji uliofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kwa maneno mepesi, aliyepewa na operesheni ndiye mwenye ardhi.

Je, mambo yameishia hapo? Kwa sheria, huenda. Kwa Allah (s.w.t) iko hesabu nyingine.

Amesimulia Ummu Salama (r.a), katika Hadith iliyopokewa na Abu Daud, kuwa watu wawili walimjia Mtume (s.a.w) wakigombea mirathi ya zamani, hakuna mwenye ushahidi. Mtume akawaambia kuwa yeye ni mtu, huhukumu kwa anayoyasikia. Basi atakayempa mtu haki ya nduguye, amemkatia kipande cha moto. Wale wawili wakalia, kila mmoja akamwachia mwenzake haki yake. Mtume akawaagiza wagawane kwa kutafuta haki, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe.

Tazama, ndugu yangu. Hukumu ya Mtume mwenyewe isingemhalalishia dhalimu. Itakuwaje hukumu ya baraza?

Basi tuwe waadilifu. Aliyepewa shamba na operesheni si mwizi. Naye alihamishwa, naye aliacha mahame yake. Asitukanwe wala asitishwe kwa panga. Lakini anayejua kuwa aling'oa mikonge ya mpaka usiku, akajiongezea, huyo hana kifungu cha kumsafisha. Mtume (s.a.w) ameonya kuwa anayedhulumu ardhi hata shibiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama.

Nawe mrithi wa mjini, usinunue shahidi wala usimhonge mjumbe. Suratul Baqara, aya ya 188, imekataza kula mali za watu kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu. Tena usidai haki ya babu huku umemnyima dada yako fungu lake la mirathi.

Njia ya suluhu ipo. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, wasiopungua watatu wakiwa wanawake, na kazi yake ni kupatanisha. Nendeni angali yupo mzee mmoja anayekumbuka. Tembeeni mpakani pamoja, muandike, mtie saini. Kama shamba halirudi, basi njia ya kwenda makaburini iachwe wazi. Na mwenye nafasi ampe mwenzake chochote cha kumtuliza moyo.

Kisha mhalalishiane, kabla hamjaingia wote katika ardhi isiyogombewa na mtu.

Wabillahi tawfiq.