Acheni Mwalimu wa Muziki Asafiri

Kuna kauli inayonikera, na wiki hii imekataa kunitoka kichwani: kwamba mwalimu wa muziki akiomba ruhusa ya kwenda Bagamoyo au Unguja kwenye tamasha au warsha, huyo anatafuta matembezi na posho. Mwalimu wa hisabati akiitwa semina mjini hakuna anayeguna. Huyu wa kwaya na ngoma, ambaye mara nyingi aliajiriwa kwa somo jingine kisha akabebeshwa muziki kwa kuwa anajua kupiga kinanda kidogo, anaulizwa anakwenda kucheza nini. Mchukulie mwalimu wa namna hiyo aliyepangiwa Mkwaja, kijiji cha pwani kusini mwa Pangani, bahari mbele yake na Hifadhi ya Taifa ya Saadani mgongoni. Nikijiuliza atafundishaje muziki miaka 10 mfululizo bila kutoka pale na kukaa na wenzake, sipati jibu. Ataishia kufundisha wimbo uleule wa mahafali, kwa sauti zilezile, akibadilisha jina la mgeni rasmi tu. Kwa wengi huo ni uvivu wake. Mimi naona ni matokeo ya kumfungia.

Muziki wa mwambao huu tunaojivunia ni kazi ya watu waliosafiri. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo akajifunze kupiga kanuni, ala ya nyuzi, naye aliporudi akawafundisha wengine. Yaani taarabu yetu inahesabu miongoni mwa wazee wake mtu aliyepelekwa masomoni kwa gharama ya serikali, kisha akarudi kuwa mwalimu. Mwaka 1905 kikaanzishwa kikundi cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo mpaka leo. Siti binti Saad alitoka Fumba akaingia mjini mwaka 1911, akakaa chini ya waliomtangulia kuujua muziki, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa forodha hapohapo Pangani. Tusiseme basi kwamba habari hizi ni za Waunguja na sisi wa upande huu hazituhusu.

Upande huu nao una yake. Shule ya serikali ya Wajerumani pale Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi ya matarumbeta, na beni, ngoma iliyoiga gwaride na vyeo vya kijeshi, ilipita pwani nzima kutoka Lamu na Mombasa hadi Dar es Salaam, kisha vita vya 1914 hadi 1918 vikaipeleka bara. Akina Wilson na George Kinyonga walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga, wakapita Arusha, wakaingia Kenya mwaka 1971 na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika. Black Star, kikundi cha Tanga alichoimbia Bi Shakila, kilithubutu kuingiza gitaa la umeme na mapigo ya dansi ndani ya taarabu, mambo ambayo mji wa bandari na reli, wenye bendi za dansi kila mtaa, uliyaweka mlangoni mwao.

Najua nitakatizwa hapa. Hao walikuwa wasanii, mtaniambia, na mwalimu kazi yake ni kufundisha kilichomo kwenye muhtasari. Hoja hiyo ingesimama kama muziki ungefundishika kwa maandishi. Mtoto hajifunzi mdundo kwa kunakili ubaoni. Anaupata kwa kusikia mkono wa mwalimu, na mkono huo una hazina inayokwisha usipoongezewa. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alirithi zeze na ilimba nyumbani kwao. Lakini alipofika Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 ambacho sasa ni TaSUBa, alikuta wapiga ngoma na wacheza wa makabila mengine mengi, akawa mwalimu miongoni mwa walimu. Muziki wake ulikwenda hadi majukwaa ya Ulaya ukiwa bado wa Kigogo. Nani atatutenganishia hapo msanii na mwalimu?

Mwingine atasema siku hizi kuna simu. Mwalimu wa Mkwaja anaweza kusikiliza kanuni usiku kucha kwa bando la shilingi chache, nauli ya nini? Simu nzuri, na aitumie. Ila video haimkatizi anapokosea. Haimwambii kwamba kidole chake kimekaa vibaya, wala kwamba kwaya yake inaimba juu mno kwa watoto wa umri ule. Kwenye Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, anayejifunza udi anakaa goti kwa goti na anayemfundisha. Kubwa zaidi, simu haina mwalimu mwenzake wa kumuuliza: wewe mwenye watoto 90 na ngoma mbili, unafanyaje? Swali hilo halina jibu kwenye kitabu. Lina majibu kwa watu walio kwenye shida hiyohiyo, na mtu hurudi darasani na hamu mpya kwa sababu ameyasikia majibu matatu asiyoyawaza.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la wazee. Wanahofu kwamba mwalimu akizoea matamasha atarudi na vya kigeni, ngoma za Wazigua na dufu za maulidi zilizopo kijijini ziachwe. Hofu hiyo ina msingi, lakini nadhani inamlaumu asiyehusika. Mwalimu asiyetoka ndiye mwepesi kudharau cha pale, maana amefundishwa chuoni kwamba muziki ni do-re-mi na hakuna aliyemwambia vingine. Akifika Tamasha la Bagamoyo, ambalo limekuwa likifanyika tangu 1982, au lile la Sauti za Busara pale Unguja, ataona watu wamelipa nauli ya ndege kuja kusikiliza kitu kinachofanana na kile kinachopigwa nyuma ya nyumba yake.

Posho sitaitetea. Wapo wanaokwenda kusaini na kurudi, na makongamano mengine ni hotuba tupu. Lakini dawa ni kuchagua mikusanyiko ambayo mwalimu anafanya kazi. Tunayo UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi yenye kwaya na ngoma pembeni ya michezo, ila pale mwalimu anahesabu watoto na magodoro. Muda wa kukaa na walimu wenzake haupo kwenye ratiba. Jirani zetu Kenya wana tamasha la muziki la shule lililoanza mwaka 1927, na mwamuzi anasimama kueleza kosa na uzuri wa kila kwaya, walimu wote wakisikia. Hiyo ni semina isiyohitaji ukumbi wa hoteli.

Barabara inayojengwa kuunganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo inapita Mkwaja, kwa hiyo kisingizio cha umbali kinaisha. Wilaya imlipie mwalimu nauli na malazi ya Bagamoyo mara moja kwa mwaka, na kwa malipo hayo isimdai ripoti ya kurasa 20 bali somo moja mbele ya walimu wenzake wa Kipumbwi, Mkwaja na Pangani mjini, wakiwa na ngoma zao mkononi. Kwa mikutano hiyo ya walimu, Jumamosi moja kila muhula inatosha. Majina ya walimu wote hao yako ofisi ya elimu ya wilaya, na kuwaitisha hakuhitaji kibali kutoka Dodoma.