Mzigo wa Lugha ni wa Nani?

Mwalimu mwenzangu mmoja, aliyefundisha Kifaransa hapa Kindu zaidi ya miaka 20, alienda Ufaransa kuangalia binti yake aliyeolewa kule. Mutu huyu Kifaransa anakijua: subjonctif haimshindi, na wanafunzi wake wengi walipata diploma ya Leta. Siku moja akasimama mbele ya dirisha la kuuzia tikiti za treni. Mwenye kuuza akamtajia bei: soixante-seize. Mwenzangu akasikia soixante, akatoa feza 60, akangoja. Yule akarudilia, sasa kwa sauti kubwa, sawa vile mutu anasemesha kiziwi. Nyuma yake watu wakaanza kuguna.

Ndugu msomaji amekwisha kujua shida ilitoka wapi. Sisi tulirithi Kifaransa cha Wabelgiji: 70 ni septante, 90 ni nonante. Wafaransa wao wanahesabu 70 kama sitini na kumi, na 90 kama ishirini mara nne na kumi. Kwa hiyo 76 yao ni sitini na kumi na sita. Namba za telefone wanazitaja mbili mbili, tena mbio. Mgeni anaandika 60, anangoja, kumbe wenzake wamekwisha kupita. Vitabu vinaeleza jambo hili, lakini sikio halikusoma vitabu.

Aliporudi alitusimulia na tukacheka sana. Mwishoni akasema neno ambalo halikutuchekesha: «Pale nilijisikia mutu asiyesoma.»

Tangu siku ile niko najiuliza: mutu akifika pahali ambapo hasikii lugha, mzigo wa kusikilizana ni wa nani? Ni wa mgeni ao wa mwenyeji?

Wengi watajibu: wa mgeni. Nani alimwita? Ajifunze. Mimi nakubali nusu. Mgeni ana deni la salamu, na deni hilo halina msamaha. Kule Ufaransa, ukiingia dukani na kuuliza bei bila kusema bonjour, umekosa adabu, sawa vile kwetu mutu anayeingia uwanjani na kuomba maji bila kutoa jambo. Mwenzangu aliona tofauti tangu alipoanza kusalimia kwanza, kisha kusema wazi: «Mimi natoka Kongo, namba zenu zinanisumbua, naomba uniandikie.» Watu walewale waliokuwa wakiguna walitafuta kalamu. Kilichomzuia siku ya kwanza hakikuwa lugha hata kidogo. Ilikuwa haya ya mwalimu wa Kifaransa kuonekana hajui Kifaransa.

Lakini kisha salamu, mzigo uliobaki nauona ni wa mwenyeji. Juu ya nini? Juu mwenyeji anasimama ku udongo wake. Anajua dirisha linafungwa saa ngapi, anajua karatasi gani inaombwa. Mgeni hawezi kuuliza kitu ambacho hajui kama kiko.

Wale wanaovusha watu mtoni wanalijua hili kuliko sisi wenye diploma. Asubuhi, kati ya Alunguli na ng'ambo hii ya Kasuku, mtumbwi unapakia Mulega, Mukusu, Musongola, Mubangubangu, na siku ingine mwanajeshi anayesikia Lingala tu. Mwenye kupiga kasia haulizi nani alisoma. Akisema «kaa chini» na mutu hakusikia, atasema tena kwa lugha ingine, atamshika bega, atamwonyesha pahali pa kukaa. Si upole peke yake. Asiyesikia akisimama katikati ya mto, mtumbwi unapinduka na mwenye kasia ndani.

Mutu atasema nimekuza jambo dogo la tikiti. Sisi watu wa Kindu hatuwezi kuliita dogo. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi wa anga 13 wa Italia, waliokuwa katika kazi ya Umoja wa Mataifa, waliuawa katika mji wetu. Walikuwa wamekuja na ndege mbili kuleta vitu kwa askari wa Malaya waliokuwa hapa kwa kazi ileile. Wanajeshi wa Kongo waliwadhania kuwa maparakomando wa Kibelgiji wanaosaidia Katanga. Walizikwa Pisa, na kule Italia jina la Kindu linakumbusha kifo chao mpaka leo. Sisemi lugha ndiyo iliwaua; kulikuwa vita, kulikuwa hasira na woga. Nasema tu kwamba mutu ambaye maneno yake hatuyasikii, ni rahisi sana kumpa jina la adui wetu na kumaliza.

Sasa nitoe langu. Miaka kadhaa iliyopita, siku ya kutangaza matokeo, mama mmoja kutoka Alunguli alinifikia na bulletin ya kijana wake mkononi. Aliniuliza ku Swahili: «Mwalimu, mtoto amepita?» Nilimjibu Kifaransa. Nilimweleza vizuri kabisa kwamba kijana ameanguka katika masomo mawili, na kwamba ana haki ya repêchage mbele ya mwaka mpya kuanza. Mama akasema «Aksanti, mwalimu», akaenda. Siku ya mtihani kijana hakuonekana. Alikuwa shambani ya mpunga pamoja na mama yake. Alirudilia mwaka mzima, na mama akalipa tena feza ya shule ya mwaka mzima.

Mimi nilizaliwa na Swahili kinywani. Kwa nini nilimjibu vile? Nilipokuwa mtoto, mwanafunzi aliyesema Swahili ao lugha ya nyumbani mu kalasi alivikwa kitu shingoni, tulikiita symbole, na alikivaa mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa zaidi ya mara moja. Baadaye nilisoma kwamba Wafaransa walifanya vilevile kwa watoto wao wa Bretagne waliosema Kibretoni shuleni. Haya hiyo ilisafiri mbali mpaka kutufikia, na mimi nikampelekea mama wa Alunguli.

Mwenzangu mwingine ananipinga: Kongo ni kubwa, bila Kifaransa mutu wa Matadi na mutu wa Kasongo watasemaje? Ana haki. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema Kifaransa ni lugha ya kazi za Leta. Lakini katiba ileile, artikle ya 18, inaomba mutu aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoisikia; na artikle ya 142 inaomba serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Swahili ikiwa mojawapo, katika siku 60. Walioiandika walijua mzigo uko upande gani wa meza. Mgeni wa biro zetu hatoki mbali: ni mama wa Alunguli, ametoka nyumbani asubuhi, amelipa mtumbwi, na akifika mbele ya meza anakuta Ufaransa.

Siku hizi natoa bulletin ku Swahili, kisha naomba mzazi anirudilie yale amesikia. Wengine wanaona ni mchezo, lakini wanarudilia. Mwaka huu mama mmoja alinirudilia yote sawasawa: masomo mawili, tarehe, saa. Kisha akafungua kitambaa, akatoa karatasi niliyokuwa nimemtumia juma lililopita kumwita shuleni, akainyoosha mezani.

«Basi hii, mwalimu, mbona uliniandikia Kifaransa? Niliilipia mutu anisomee.»