Lete Nikupakatie

Wauzaji wa mabegi hupenda kuanzia kwenye zipu. Wataivuta mbele na nyuma uone inavyoteleza, watafungua mfuko wa kompyuta mpakato, watakuonyesha na tundu la kupitishia waya wa chaja. Mimi huwaacha wamalize. Begi likishanifikia mkononi, nalishika kile kitanzi kifupi cha juu kilichoshonwa kati ya mikanda ya mabegani, nalining'iniza, nalitikisa. Kitanzi kikiwa chembamba, au kimeshikizwa kwa mshono mmoja juu ya kitambaa kitupu, nalirudisha, hata liwe zuri namna gani.

Begi la mgongoni lilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea. Sisi wa Dar es Salaam muda wetu mwingi na begi hatutembei. Tumesimama, tumebanana, mkono mmoja uko kwenye bomba na mwingine unalinda mfuko. Ukipanda daladala na begi mgongoni umechukua nafasi ya watu wawili kwa nauli ya mmoja, na konda hatakuficha. Ukigeuka kidogo umempiga mtu usoni. Kwa hiyo begi lazima livuliwe. Kwenye mwendokasi, tangu mabasi yale yaanze mwaka 2016, wengi wamezoea kulivaa kifuani kama mtoto mchanga, kwa kuwahofia vibaka. Lakini kwenye daladala, hasa zile za ruti ndefu, ipo njia ya zamani ambayo haijafa. Mama aliyekaa ananyoosha mkono: "Lete nikupakatie, baba." Hakujui, humjui. Unampa begi lenye kompyuta ya ofisi, analiweka mapajani juu ya mkoba wake na kuendelea kuchungulia foleni dirishani. Ukifika kituoni unasema, "Asante mama," anakupitishia begi juu ya vichwa vya watu, basi.

Sasa fikiria unampitishia begi lisilo na pa kushika. Mikanda miwili inaning'inia na kuwasugua abiria mashavuni, vifungo vya plastiki vinanasa kwenye mtandio wa mtu, na yule mama mwenye nia njema hajui alidake wapi. Ndiyo maana naanzia kwenye kitanzi.

Tulilelewa tukijua kwamba mgeni hafiki mlangoni na mzigo wake. Shangazi akitokeza kwenye kona na kikapu, watoto mlikimbia, shikamoo na kikapu vikapokewa kwa pamoja, na mdogo kuliko wote akabaki analilia walau kubeba mwavuli. Ndani ya kikapu kungeweza kuwa na mihogo minne na kanga moja. Uzito haukuwa hoja. Mkubwa akiingia na mzigo mkononi ilikuwa aibu ya nyumba nzima, na mama alisubiri mgeni aondoke ndipo akuulize macho yako yalikuwa wapi.

Begi la mgongoni limeivuruga desturi hiyo bila mtu kutangaza. Aliyelivaa mikono yake iko huru, hana dalili ya kuelemewa, sasa umpokee nini? Mpwa wangu akija kutoka chuoni huingia nalo hadi sebuleni, hukaa nalo kwenye kochi mikanda ikiwa mabegani, simu mkononi. Watoto wanamsalimia na kurudi kwenye michezo yao. Siwalaumu watoto. Kumpokea mtu kitu alichojifunga nacho kunafanana mno na kumnyang'anya.

Mabegi mengi ya jiji hili hununuliwa Kariakoo, na jina la mahali pale lina habari yake na mizigo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, eneo lile likawa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Vita vile, vya Kwanza vya Dunia, vilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, kwa hiyo risasi, unga na vitanda vya maofisa vilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliua wengi kuliko risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimikwa katikati ya jiji mwaka 1927, ina mwanajeshi na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi tu. Nairobi angalau walimpa mpagazi umbo lake kwenye sanamu yao. Mtu akinisifia utamaduni wetu wa kubebeana, hao nao huwa nawakumbuka, kwa kuwa kubebeshwa si kupokea.

Wajapani walilifikia suala hilihili, la nani abebe mzigo wa nani, kwa mlango mwingine. Mwaka 1885 shule ya Gakushuin ya Tokyo, iliyosomesha watoto wa makabaila, iliwakataza wanafunzi kuja kwa magari ya farasi huku watumishi wamewabebea vitabu. Kila mtoto abebe vyake, tena mgongoni, kwa begi la mtindo wa kijeshi. Miaka miwili baadaye mwana wa mfalme aliyekuwa anaanza masomo alizawadiwa begi la ngozi, na huko ndiko ilikoanzia randoseru, begi gumu la mgongoni ambalo mtoto wa Kijapani hulitumia miaka yake yote 6 ya msingi. Napenda hoja ya shule ile. Ningependa waisikie mabosi wetu ambao dereva huwabebea kibegi chenye daftari moja na miwani, kutoka mlango wa gari mpaka mlango wa lifti. Mgeni anapokewa kwa sababu ametoka mbali. Bosi ametoka Masaki.

Mawinga wa Kariakoo hawana muda na falsafa hizi. "Bosi, hili orijino, halipitishi maji, bei ya mwisho nakufanyia." Kwenye lebo pameandikwa 600D. Herufi ile ni kipimo cha unene wa uzi: uzi wenye urefu wa mita 9,000 ukipimwa unapata gramu 600. Ni unene unaotosha kwa begi la kila siku, ikiwa lebo inasema kweli, maana lebo nayo hushonwa. Zipu zilizogongwa YKK zimetapakaa kila kibanda, nyingi kuliko ambazo ile kampuni ya Kijapani ingekubali kuwa ni zake. Usisome zipu, ivute kwenye kona, pale begi linapopinda. Nikiwa na nafasi naenda kwenye mitumba ya Karume, kwa sababu begi la mtumba limeshajaribiwa na mtu mwingine. Kama mshono wa mkanda wa bega ungekuwa wa kukatika, ungekatika akiwa nalo yeye.

Likipatikana begi zuri lenye kitanzi dhaifu, wapo mafundi viatu. Fundi anayeijua kazi yake hukata kipande cha mkanda wa siti ya gari, hukiingiza ndani ya bitana mpaka kikutane na mshono wa mikanda ya mabegani, kisha hukishona kwa umbo la mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni, kwa mkono na sindano yake nene. Ni kazi ya kusubiri ukiwa umekaa kwenye benchi lake. Kitambaa kitachoka kabla ya kitanzi hicho. Kwa safari za mkoani ndipo utamkumbuka fundi, maana pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, begi halivutwi kutoka kwenye buti kwa kishikio tu. Linavutwa kwa chochote kilichojitokeza.

Kuhusu ukubwa, watu hununua begi la safari wanayoitamani badala ya mzigo walio nao. Kijana anafanya kazi Posta, anaishi Segerea, begi lake ni la lita 40 kwa sababu mwezi Desemba ataenda Moshi. Miezi 11 iliyobaki anabeba nafasi tupu, na nafasi tupu haikai muda mrefu: inaingia jozi ya pili ya viatu, inaingia chaja ya rafiki, inaingia bahasha ya kikao cha harusi ambayo harusi yenyewe ilishapita. Lita 20 mpaka 25 zinamtosha mtu wa ofisini mwenye kompyuta, kontena la chakula na koti la mvua. Hata kwenye ndege begi hilo si dogo, kwani mashirika mengi huruhusu kilo 7 tu za kuingia nazo ndani.

Kipimo changu hasa hakiko kwenye lita. Ni mzigo ambao mama wa siti ya dirishani anaweza kuupakata kutoka Buguruni mpaka Posta bila kufa ganzi miguu. Ukikikubali kipimo hicho, mambo mengine yanajipanga yenyewe. Chupa ya maji itakaa na kifuniko kinachokaza, kwa sababu itakayolowa ni kanga ya mtu. Mchuzi wa dagaa utafungwa mara mbili au utabaki nyumbani. Wakati wa masika utalifuta begi kabla ya kulitoa, kwani kumwekea mtu mapajani begi linalochuruzika ni kumlipa ubaya. Hata vile vyuma vya mapambo vinavyoning'inia kwenye zipu utaving'oa.

Kila nikilizungumza hili yupo anayeniuliza kama siogopi kuibiwa. Naogopa, kama kila mtu wa mji huu. Ila kibaka anafanya kazi mgongoni kwa mtu, mahali ambapo mwenye begi haoni na waliosimama nyuma wanaangalia simu zao. Wembe unapita chini, vitu vinadondokea mkononi mwake, na ukifika kazini ndipo unagundua. Mapajani kwa mtu aliyekaa, begi linatazamwa na safu nzima. Mimi humpa aliyekaa upande wa dirishani, kwa sababu hawezi kushuka bila kunipita, na nasimama karibu naye. Simu, pesa na kitambulisho vinabaki mfukoni mwangu. Kompyuta, chakula na gazeti vinakwenda kwa mama.