Ridhaa ya Mnunuzi Haihalalishi Ghushi

Yako maneno yaliyoenea sana katika biashara za leo, nayo ni haya: "Nimemwambia, naye karidhika." Muuzaji akisha kuyasema hujiona amevuka, na mnunuzi akisha kuyasikia hujiona hana lawama. Twataka tuyapime maneno haya, kwani sisi wenyewe tuliyategemea siku moja, nayo yakatuumbua.

Tulikuwa Nairobi kwa haja zetu, tumefikia kwa mtoto wa ndugu yetu akaaye Kilimani, upande wa magharibi wa mji, katika nyumba za ghorofa. Chaja ya simu yetu tuliisahau Mombasa. Baada ya sala ya adhuhuri katika Msikiti wa Jamia tuliingia duka moja la mjini, tukaonyeshwa chaja mbili zenye jina moja mashuhuri, rangi moja na sanduku la namna moja. Muuzaji akasema, "Shekhe, hii ni shilingi elfu mbili, na hii ni mia mbili na hamsini. Hii ya pili si yenyewe, ni kopi, lakini yafanya kazi." Hakutuficha neno. Tukatoa mia mbili na hamsini, tukaenda zetu huku tukimsifu kwa ukweli wake.

Usiku wa pili binti mdogo wa nyumba ile alikwenda kuichomoa simu yetu, akashika ncha ya waya, na umeme ukampiga. Alipiga ukelele, akaanguka, na vidole vyake viwili vikaungua. Alhamdulillahi, alipona. Baba yake aliitazama ile chaja iliyoyeyuka upande mmoja, akatuuliza, "Ami, waliokuuzia hawakukwambia kuwa ni bandia?" Sisi tukajibu, "Twaliinunua mjini," kisha tukanyamaza. Hatukusema uwongo, wala hatukusema kweli.

Fundi alipoifungua alituonyesha mambo ambayo ni wajibu kila mwenye nyumba ayajue. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na simu huanza na volti 5 tu. Katika chaja ya haki, pande hizi mbili hutenganishwa kwa transfoma ndogo yenye waya zilizofunikwa vizuri, na kwa nafasi ya milimita kadhaa ambayo umeme hauwezi kuiruka. Katika ile yetu nafasi ilikuwa kama unywele. Aliyeitengeneza aliokoa senti chache, na mahali alipoziokoa ni baina ya volti 240 na mkono wa mtoto.

Basi turudi kwenye suala letu. Muuzaji alisema kweli, na mnunuzi aliridhika. Dhambi iko wapi?

Jawabu ni kwamba ridhaa ya watu wawili haiwezi kuuza haki ya watu wengine. Mwenye jina lililobandikwa juu ya kitu asichokitengeneza hakuridhika. Mtoto wa Kilimani hakuridhika, wala hakuulizwa. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye moto ukiwaka utapanda kwake, hakuwako dukani. Sisi tuliiridhia hatari, kisha tukaichukua tukaiweka katika nyumba ya watu wengine. Ukweli wa muuzaji ulimwondolea dhambi ya uwongo, lakini haukumwondolea dhambi ya dhara. Na sisi, kwa kuambiwa, hatukupata udhuru, bali tulipoteza udhuru tuliokuwa nao. Asiyejua husamehewa, je, aliyeambiwa atasema nini?

Watajwa katika hadithi sahihi mtu aliyekuwa na chungu ya nafaka sokoni. Mtume, sala na salamu zimshukie, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Akamwuliza mwenyewe mbona hakuuweka juu watu wauone. Wengi wetu twaijua hadithi hii, nasi huisoma kama habari ya muuzaji tu. Lakini ndani yake yuko pia mnunuzi, naye afundishwa kutia mkono. Zamani ilitosha kujua pishi na kibaba. Leo mizani ni volti, ampea na wati, na ambaye hataki kuzisoma ni kama aliyeingia sokoni amefumba macho.

Twajua kwamba yuko atakayesema, "Elfu mbili nitazitoa wapi?" Hoja hii hatuidharau. Mwisho wa Septemba mwaka 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamrisha simu za bandia zifungwe, na zaidi ya simu milioni moja zikanyamaza. Waliofanya faida kwa kuziingiza walikuwa wamekwisha kula faida yao. Aliyeamka na simu isiyoita ni masikini aliyeinunua kwa akiba yake, na wengi wao hawakujua. Kwa hiyo hatusemi masikini ndiye mkosa wa kwanza. Mkosa wa kwanza ni yule aliyeijaza bandari vitu vya ghushi, akijua.

Lakini masikini naye anayo njia. Baina ya jina kubwa na jina la kuiba liko jina dogo la haki: bidhaa ya mtengenezaji asiye mashuhuri, aliyeandika jina lake mwenyewe, yenye alama ya shirika la viwango, KEBS, na iliyouzwa kwa risiti. Kadhalika chaja nzuri moja yatosha simu nyingi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimelazimisha tangu tarehe 28 Desemba 2024 kwamba simu mpya ziwe na tundu la namna moja, na simu zije huku kwetu pia kwa namna hiyo. Wala chaja ya wati nyingi, ikiwa ni ya haki, haiiunguzi simu ndogo, kwani simu huchukua kiasi iwezacho tu. Na anunuaye mbovu ya mia mbili na hamsini mara nane, ametoa elfu mbili na nyumbani hana chaja.

Iko na ghushi nyingine, laini zaidi, isiyounguza vidole. Katika nyumba ile ile tuliona tangazo la intaneti ya nyumbani: "Mpaka megabiti 20." Neno hili "mpaka" lataja dari, halitaji sakafu. Saa mbili usiku, wapangaji wote wakirudi kutoka mjini na kuingia katika njia moja, kasi hushuka, na muuzaji hakusema uwongo. Isitoshe, mteja huona kitabu cha megabaiti 150 akadhani kitashuka kwa sekunde nane, kumbe biti nane ndizo baiti moja, na kitabu hicho huchukua dakika nzima, kasi ikiwa kamili. Ni kama mtu auziwe kwa kibaba naye akidhani ni pishi. Neno ambalo ni kweli, lakini limewekwa makusudi lisikike vingine, liko karibu na uwongo kuliko ukweli.

Hapa pia mnunuzi ana sehemu yake. Video safi yahitaji kiasi cha megabiti 5. Wako walipao mara kumi ya hayo ili wapate la kumtajia jirani, na huo ni israfu. Na aulize: saa mbili usiku nitapata ngapi? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazozihitaji. Haki isiyodaiwa hulala.

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasiseme kwamba haya ni ya Nairobi. Nyaya kubwa za baharini za SEACOM na TEAMS, hii ya pili ikitokea Fujaira, zilifika nchi kavu Mombasa mwaka 2009; na kutoka Barabara ya Luthuli, iliyopewa jina la mtu aliyetunukiwa kwa kupigania haki, masanduku hushuka pwani kila usiku. Miongoni mwa wauzaji wa huko wako waaminifu wengi. Waaminifu hao hufilisika kwa sababu yetu sisi tusemao, "Nipe ile ya bei ndogo," bila ya kuuliza nani atalipa bei iliyosalia.

Ama sisi, tulimpigia simu mtoto wa ndugu yetu tukamwambia neno tulilolificha: kwamba tuliambiwa, na tukanunua. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ami, nami ninayo mbili kama hiyo humu ndani." Akazitupa usiku ule.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kusoma mizani za zama zetu, na ulimi usiojificha nyuma ya nusu ya ukweli. Amin.