Ushahidi wa Kalamu

Mkazi wa Mwembesongo huitazama milima ya Uluguru kila siku, na husema aijua. Apewapo kalamu ya risasi aichore, hutambua kuwa alijua jina, si umbo. Kutazama si kuona. Risasi huuliza, maana hufutika. Wino hushuhudia, maana hudumu.

Katika Flora of Tropical East Africa, iliyochapishwa kwa sehemu toka 1952 hata 2012, mimea mingi ya Tanzania, Kenya na Uganda ilichorwa kwa wino. Mchoraji wa namna hiyo ana hiari ya kupanga jani, ua na tunda karatasini. Hana hiari ya kuongeza jani lisilokuwako, hata kama lingependeza. Akiongeza, ni shahidi wa uongo.

Basi haki huanza machoni. Asiyekubali jani liwe na umbo lake, atakubalije jirani awe na hadhi yake?