Nani Ataitikia Mwano?

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mk. 2:1–12, Mhu. 4:9–12, Gal. 6:1, 2, Yak. 5:16.

Kwa Wasukuma, mwano ukipigwa usiku, watu hutoka. Hakuna anayesimama mlangoni kuuliza kwanza kama mwenye ng'ombe alifunga zizi vizuri. Lawama, kama zipo, zitasubiri ng'ombe wapatikane.

Sasa tuseme kwamba anayehitaji msaada ni mshiriki wa kanisa huko Mwamanyili, wilayani Busega, mkoani Simiyu. Fedha ya pamba imelipwa. Ndugu huyu alibatizwa makambini, akaimba kwaya kwa miaka kadhaa, na sasa amerudia gongo kwa siri. Siku ya Sabato anakaa benchi la nyuma ili harufu isimfikie mtu. Ametubu mara nyingi akiwa peke yake, na kila mara ameanguka tena. Amwambie nani? Akimwambia mzee wa kanisa, anaogopa jina lake litafika barazani na ataondolewa ushirika. Akimwambia jirani, litafika kisimani. Hivyo ananyamaza, na pombe inaendelea kumla.

Hapo lipo swali gumu kwetu Waadventista. Kanisa letu linafundisha kuacha kileo kabisa, wala hatulionei haya fundisho hilo. Lakini je, yawezekana msimamo ulio sahihi ukamfungia mlango yule anayeuhitaji zaidi?

Mwezi Mei 1935, mfanyabiashara Mmarekani aliyeitwa Bill Wilson alikuwa hotelini katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa. Shughuli iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na baa ilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Akaiendea simu, akampigia mchungaji asiyemjua, akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo alikutana na daktari Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa imemshinda. Walizungumza kwa saa nyingi. Mwezi Juni daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho, na kutokana na watu hao wawili ukaanza ushirika wa Alcoholics Anonymous, ambao leo una mikutano katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Mkutano wenyewe ni mwepesi. Mtu hutaja jina lake la kwanza na kukiri kwamba pombe imemshinda. Wengine husikiliza bila kumkatiza. Hakuna ada. Sharti ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Yaliyosemwa pale hubaki pale. Hakuna anayedaiwa ahadi ya maisha yote. Anashindana na siku ya leo. Zanzibar nako, katika nyumba za waraibu ziitwazo soba hausi, walioacha dawa za kulevya huwashika mkono wanaoanza kuacha.

Wengine watasema, "Maombi yanatosha, kutafuta kikundi ni kukosa imani." Soma Marko 2:1–5. Mwenye kupooza hakufika kwa Yesu kwa miguu yake. Wanne walimbeba, wakatoboa dari, na Marko anaeleza kwamba Yesu aliiona imani yao. Hakumrudisha nje ili aje kwa nguvu zake mwenyewe. Yakobo naye anaunganisha maungamo na maombi, na yote mawili anayaweka kati ya ndugu na ndugu.

Wengine watauliza, "Je, hatutakuwa tunahalalisha dhambi?" Anayeitikia mwano hajakubaliana na wizi, anakwenda ili kilichopotea kirudi. Katika Wagalatia 6:1, 2, Paulo hapunguzi uzito wa kosa, lakini kazi anayowapa watu wa Roho ni kumrejesha aliyeanguka, kwa upole, huku kila mmoja akijiangalia.

Basi Mwamanyili haina haja ya kungoja kikundi kutoka mjini. Wawili au watatu wanaotaka kuacha wanatosha kuanza, nyumbani kwa mtu, jioni moja kila juma. Baraza la kanisa likubali mapema kwamba aliyekuja kutafuta msaada hatashitakiwa kwa maneno aliyoyasema pale, isipokuwa uhai au usalama wa mke, mtoto au mtu mwingine uko hatarini. Tena, aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache ghafla kabla ya kuonana na mganga wa zahanati au hospitali. Kutetemeka na degedege vinaweza kumpata, na vinaweza kuua. Kumsindikiza huko ni sehemu ya kumbeba.

Huenda ndugu yetu ataanguka tena mara ya pili au ya tatu. Hapo ndipo tutakapojulikana kama tulitoka kwa ajili ya ng'ombe, au kwa ajili ya kuonekana tumetoka.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kanisa lenu, mtu aliyerudia pombe angemwambia nani bila hofu? Kama hayupo, ni nini kimesababisha hivyo?

2. Siri ya ndugu ilindwe hadi wapi? Toeni sababu kutoka katika Maandiko.

3. Nani katika darasa lenu yuko tayari kutoa nyumba yake jioni moja kila juma?